Kipimajoto Katika Somo la Ibn Sina

Mwaka 1625, mjini Venice, kilichapwa kitabu kinene cha Kilatini cha Santorio Santorio, tabibu aliyefundisha Chuo Kikuu cha Padua tangu 1611 hadi 1624. Ndani yake mna michoro ya vyombo ambavyo mwanafunzi wa sayansi wa leo angevitambua bila shida: bomba la kioo ambalo maji yake hupanda na kushuka kufuata joto la mwili, chombo cha kupimia unyevu wa hewa, na kingine cha uzi na timazi cha kupimia mwendo wa mapigo ya mshipa. Ni miongoni mwa michoro ya mwanzo kabisa ya kipimajoto kuchapwa kitabuni. Na kitabu chenyewe ni ufafanuzi wa sehemu ya kwanza ya al-Qanun fi al-Tibb (Kanuni ya Tiba), kazi ambayo tabibu na mwanafalsafa Ibn Sina aliimaliza Uajemi takribani miaka mia sita kabla.

Nimeanza na Santorio kwa sababu anavuruga mjadala tuliouzoea. Kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za mitandaoni, habari ya miswada ya tiba ya Kiarabu na sayansi ya Ulaya huendeshwa kama mashindano. Upande mmoja huorodhesha: nani wa kwanza kushona jeraha kwa uzi wa utumbo, nani wa kwanza kutofautisha ndui na surua, nani wa kwanza kueleza njia ya damu. Upande wa pili hujibu kwamba Waarabu walikuwa walinzi wa ghala tu, walivitunza vitabu vya Wagiriki mpaka Ulaya ilipokuja kuvichukua. Santorio hakai upande wowote. Kipimajoto hakukitoa kwa Ibn Sina, maana Ibn Sina hakuwa nacho. Lakini ni vigumu kuona angekihitaji kwa kazi gani kama al-Qanun isingekuwa mezani pake mwaka baada ya mwaka. Ninachosema ni kwamba ushawishi mkubwa wa vitabu hivi ulikuwa darasani: waliosomea udaktari Ulaya walisomeshwa kwa mpangilio wake na kwa maswali yake kwa karne tano, na hata waliovipinga walivipinga wakiwa wamekwisha kulelewa navyo.

Tuchukue hilo la joto. Msomaji aliyekulia Lamu au Unguja amewahi kumsikia bibi akisema chakula hiki kina moto na kile kina baridi, hata vyote viwili vikiwa vimepoa mezani. Fikra hiyo ni ya tiba ya Kigiriki iliyopita katika Kiarabu, na ilifika kwetu kama ilivyofika Paris na Salerno, mji wa Italia ya kusini uliosifika kwa tiba. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, alizigawa dawa katika daraja nne za moto, baridi, unyevu na ukavu. Hakusema, hata hivyo, daraja ya pili inaizidi ya kwanza kwa kiasi gani. Al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, hakuridhika. Tabibu anayechanganya dawa tano katika kikombe kimoja atajuaje nguvu ya mchanganyiko? Akaja na kanuni ya hesabu: dawa ya daraja ya kwanza ina sehemu mbili za moto kwa moja ya baridi, ya pili nne kwa moja, ya tatu nane kwa moja, ya nne kumi na sita kwa moja. Huenda mgonjwa hakupona zaidi kwa hesabu hiyo. Lakini swali la kiasi lilikuwa limeulizwa, na kitabu kilipotafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, likaingia Montpellier, Ufaransa ya kusini, ambako tabibu Arnau de Vilanova, aliyekuwa akisoma na kutafsiri Kiarabu mwenyewe, aliandika kitabu kizima kuhusu daraja za dawa.

Ibn Sina naye alikuwa na jibu lake kuhusu namna ya kulijua joto. Aliandika kwamba kiungo chenye uwiano mkamilifu kuliko vyote, wa moto na baridi, unyevu na ukavu, ni ngozi, na ngozi ya mkono kuliko ya kwingine, na katika mkono ni ncha ya kidole cha shahada. Kwa hiyo kidole hicho ndicho hakimu wa moto na baridi. Mwalimu wa Padua aliwafafanulia wanafunzi maneno hayo kila mzunguko wa masomo ulipofika hapo, kwa sababu nadharia ya tiba Padua ilisimama juu ya vitabu vitatu: sehemu ya kwanza ya al-Qanun, Aforismi (misemo mifupi) za Hippocrates, tabibu Mgiriki wa kale, na kitabu kidogo cha Galen. Santorio aliona kidole hakitoshi. Kidole cha tabibu leo si sawa na cha jana, na hakiachi rekodi. Akaweka kioo mahali pa kidole, akaacha swali lilivyokuwa: mwili huu umetoka katika uwiano wake kwa kiasi gani? Ufafanuzi wa kitabu cha zamani ukawa ndiyo nafasi ya kuonyesha chombo kipya. Anayetaka kuiona sayansi ya Ulaya ikikua ndani ya tiba ya Kiarabu na aangalie hapo kabla ya kwenda kwenye orodha za "wa kwanza".

Vitabu hivi vilifikaje huko? Njia ilikuwa ndefu, na haikuwa ya watu wa kabila moja wala dini moja. Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki Baghdad mwaka 873, alikuwa Mkristo wa al-Hira. Aliacha waraka unaotaja vitabu 129 vya Galen alivyovijua, na kueleza kila kimoja nani alikitafsiri kwa Kisiryani au Kiarabu na kwa ubora gani. Kwa ajili ya kitabu kimoja cha Galen kuhusu uthibitisho wa hoja, alisafiri Iraki, Sham, Palestina na Misri, akaambulia nusu yake tu, mjini Damascus. Tabibu al-Majusi, ambaye jina lake ni Ali ibn al-Abbas, alitoka katika ukoo wa Kizoroasta, dini ya kale ya Uajemi. Ishaq al-Israili, aliyeandika juu ya homa na mkojo, alikuwa Myahudi aliyefanya kazi Afrika Kaskazini. Tabibu al-Razi na Ibn Sina walikuwa watu wa Uajemi na Asia ya Kati. Kilichowaunganisha ni lugha waliyoandikia, na kwa hiyo tunaposema tiba ya Kiarabu tunazungumzia lugha ya elimu.

Mtu wa kwanza kuivusha elimu hiyo kwa wingi alikuwa Mwafrika. Constantinus alitoka upande wa Tunisia ya leo, akafika Italia ya kusini katika miaka ya 1070, akamalizia maisha yake kama mtawa wa Monte Cassino, ambako alifariki kabla ya karne ya 11 kwisha. Simulizi iliyoandikwa na mwalimu wa Salerno katika karne iliyofuata inasema alikwenda kwanza kama mfanyabiashara, akamkuta tabibu wa huko, akagundua kwamba Walatini hawakuwa na kitabu cha kutosha kuhusu uchunguzi wa mkojo. Akarudi kwao kusoma tiba, kisha akavuka tena bahari na mzigo wa vitabu. Njiani ikapiga dhoruba, na sehemu ya kitabu kikubwa kuliko vyote ikaharibiwa na maji. Siwezi kuapa kwamba dhoruba ilitokea. Lakini sehemu ya vitendo ya kitabu hicho katika Kilatini kweli ina mapengo, nayo yamezibwa kwa maandishi yaliyookotwa kwingine.

Kitabu hicho ndicho kinachonikera mpaka leo. Kwa Kilatini kiliitwa Pantegni. Kwa Kiarabu ni kitabu cha al-Majusi, alichomtunukia mtawala Adud al-Dawla, yule aliyejenga hospitali kubwa ya Baghdad. Al-Majusi alianza kwa dibaji yenye ujasiri wa aina yake: Hippocrates ni mfupi mno hadi haeleweki, Galen ni mrefu mno, na daftari kubwa la al-Razi halinunuliki, kiasi kwamba alijua watu wawili tu wenye nakala yake. Yeye akaahidi kitabu cha kati, chenye nusu ya nadharia na nusu ya vitendo, kumi kwa kumi. Constantinus aliuchukua mpangilio, akachukua maneno, akaliacha jina la mwandishi nje. Pantegni ikaenda Ulaya kama kazi ya Constantinus.

Wapo wanaomtetea: katika zama zile kutafsiri kulikuwa ni kuandika upya, na mtawa aliyewapelekea wasomaji wake kitabu cha mtu asiye Mkristo alikuwa na sababu za kunyamaza. Utetezi huo ungekuwa na uzito zaidi kama watu wa zama zile wasingeliona kosa. Waliliona. Stefano wa Pisa, aliyefanya kazi Antiokia, alikitafsiri kitabu kilekile upya mwaka 1127, akamlaumu waziwazi Constantinus kwa kulificha jina la mwenyewe na kwa kuacha sehemu nje, akalirudisha jina la Ali ibn al-Abbas, yaani al-Majusi, mahali pake. Mwishoni mwa karne ya 14, mshairi wa Kiingereza Geoffrey Chaucer alipoorodhesha mamlaka ambazo tabibu wake alizijua, aliwataja Razis, Avicen, Averrois (al-Razi, Ibn Sina na Ibn Rushd), na humohumo Haly, yaani Ali, na Constantyn. Kama Haly huyo ni al-Majusi, kama wengi wanavyomsoma, basi aliyenyang'anywa na aliyenyang'anya wamewekwa katika orodha moja ya heshima.

Linganisha na Gerard wa Cremona. Huyu alikwenda Toledo, mji uliotekwa na Alfonso wa Sita mwaka 1085 ukiwa na vitabu vyake vya Kiarabu, akitafuta kitabu cha elimu ya nyota cha Ptolemy. Alipoona wingi wa yaliyokuwepo na umaskini wa Walatini, akajifunza Kiarabu, akabaki huko hadi alipofariki mwaka 1187. Alifanya kazi pamoja na wenyeji waliokijua Kiarabu kwa kuzaliwa nacho. Jina lake hakuliandika kwenye tafsiri zake, ndipo wanafunzi wake walipoandika orodha ya kazi zaidi ya sabini baada ya kifo chake, wasije watu wengine wakajibandikia. Katika orodha hiyo mna al-Qanun nzima, juzuu tano. Mna kitabu cha al-Razi alichomtunukia gavana al-Mansur wa Rayy, mji wa Uajemi. Mna pia sehemu ya upasuaji ya al-Zahrawi wa Cordoba, yenye michoro ya vyombo vinavyofikia mia mbili hivi, ambayo mpasuaji wa Ufaransa Guy de Chauliac aliitegemea mno alipoandika kitabu chake kikubwa cha upasuaji mwaka 1363.

Sasa tazama vitabu hivi vilifanya nini vilipofika. Salerno ilikuwa imekwisha kukusanya vitabu vifupi vya kufundishia katika mkusanyo mmoja, na cha kwanza katika mkusanyo huo kilikuwa muhtasari wa Maswali ya Tiba ya Hunayn. Sentensi yake ya mwanzo inagawa tiba sehemu mbili, nadharia na vitendo. Kijana wa Bologna au Paris aliyefungua kitabu chake cha kwanza cha udaktari alianza na mgawanyo wa Mkristo wa Baghdad. Kisha akajifunza mambo sita ambayo tabibu lazima ayaulize kwa kila mgonjwa: hewa, chakula na kinywaji, kazi na mapumziko, usingizi na kukesha, kujaa na kutoka kwa mwili, na hisia za nafsi. Daktari wa leo anayeuliza unalalaje, unakula nini, una msongo gani, angeelewana na mwanafunzi huyo haraka. Mwaka 1309 Papa Clement wa Tano alitoa amri kuhusu masomo ya Montpellier, na miongoni mwa vitabu ambavyo mtahiniwa alitakiwa kuwa navyo ni vya Ibn Sina, al-Razi, Constantinus na Ishaq, pamoja na vya Galen. Papa anaagiza kwamba hakuna atakayefundisha tiba bila kupitia vitabu vya Waislamu na vya Myahudi. Sijui ushahidi ulio wazi kuliko huo.

Kuna gharama pia. Daftari kubwa la al-Razi, al-Hawi, lilitafsiriwa na Faraj ibn Salim, Myahudi wa Sisilia, kwa amri ya mfalme Charles wa Anjou, akamaliza mwaka 1279. Karibu karne mbili baadaye, mwaka 1471, mfalme Louis wa Kumi na Moja wa Ufaransa alipotaka kuiazima nakala ya kitivo cha tiba cha Paris ili inakiliwe, kitivo kilimdai rehani kwanza. Mfalme akaweka vyombo vya fedha.

Hapa ndipo napotofautiana na wenzangu wanaopenda kujivunia. Ukubwa wa mwanachuoni ni jambo moja, na ushawishi wake Ulaya ni jambo lingine. Tabibu Ibn al-Nafis aliandika mwaka 1242 kwamba ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya moyo hauna matundu, kinyume cha Galen na Ibn Sina, na kwamba damu ya upande wa kulia lazima ipite mapafuni, ichanganyike na hewa, ndipo ifike upande wa kushoto. Ni kweli, na ni akili kubwa. Lakini mswada wake ulikuja kujulikana kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 1924, pale daktari kijana wa Misri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipousoma katika maktaba ya Berlin kwa ajili ya tasnifu yake ya Freiburg. Kumtumia Ibn al-Nafis kuwa mfano mkuu wa namna Ulaya ilivyojifunza ni kuchukua kitabu ambacho Ulaya haikukisoma ili kuthibitisha kwamba ilisoma.

Kwa haki, kuna mlango mdogo ambao haujafungwa. Andrea Alpago wa Belluno alikaa Damascus miaka takribani thelathini akiwa tabibu wa Wavenisi, akasoma kwa matabibu wa mji ule, akaisahihisha al-Qanun ya Gerard neno kwa neno. Baada ya kifo chake, kipande cha maandishi ya Ibn al-Nafis alichokitafsiri kilichapwa Venice mwaka 1547. Miaka sita baadaye tabibu Mhispania Michael Servetus alieleza njia ya damu mapafuni, na mwanaanatomia Mwitalia Realdo Colombo akafuata mwaka 1559. Tarehe zinavutia, nakiri. Lakini kipande kilichochapwa kinahusu dawa za kuchanganya, si moyo. Anayetaka kujenga daraja juu ya hapo atahitaji zaidi ya tarehe.

Kinachonisikitisha zaidi ni kitabu kingine. Al-Razi aliandika Shaka juu ya Galen, ambamo anaanza kwa kumshukuru mwalimu wake, kisha anaonyesha alipokosea, akiegemea wagonjwa aliowaona mwenyewe Rayy na Baghdad. Walatini walimtafsiri al-Razi wa mitaala na al-Razi wa dawa. Al-Razi mwenye shaka walimwacha. Walichagua vitabu vilivyopangika, vinavyofundishika, vyenye jibu kwa kila mlango kutoka kichwani hadi miguuni, kwa sababu vyuo vipya vilihitaji vitabu vya kufundishia. Uchaguzi huo ndio uliomfanya Ibn Sina aonekane Ulaya kama sheria isiyopingwa, ilhali alikotoka alipingwa na kufafanuliwa na kupingwa tena. Kwa hiyo Paracelsus, tabibu aliyeipinga tiba ya vyuoni, alipotupa kitabu motoni Basel mwaka 1527, na inasemekana kilikuwa al-Qanun, alikuwa anachoma sanamu ambayo vyuo vya Ulaya vilishiriki kuichonga. Mwaka huohuo al-Qanun iliyosahihishwa na Alpago ilitoka mitamboni Venice.

Watetezi wa Ugiriki safi nao walisema Waarabu wameichafua tiba na dawa ni kurudi kwa Galen mwenyewe. Wakarudi. Lakini angalia walivyokwenda: kazi ya kwanza kuchapwa ya mwanaanatomia Andreas Vesalius, mwaka 1537, ilikuwa juzuu ya tisa ya kitabu cha al-Razi kwa al-Mansur, aliyoiandika upya kwa Kilatini kizuri zaidi, miaka sita kabla ya kitabu chake kikubwa cha maumbile ya mwili. Tabibu wa London Richard Mead alipoandika kuhusu ndui mwaka 1747, aliambatisha tafsiri ya risala ya al-Razi, miaka zaidi ya mia nane tangu mwandishi afariki, wakati Waingereza wenyewe wanabishana kuhusu kuchanja.

Na kuna Vopiscus Fortunatus Plempius, profesa wa Leuven. Tabibu Mwingereza William Harvey alipotangaza mzunguko wa damu mwaka 1628, Plempius alikuwa miongoni mwa waliompinga. Akachunguza, akabadilika, akamuunga mkono Harvey hadharani. Mtu wa aina hiyo ungetarajia amtupe Ibn Sina. Badala yake alijifunza Kiarabu, akaona tafsiri za zamani hazitoshi, akaanza upya kutoka katika maandishi ya asili ambayo Waitalia walikuwa wameyachapa kwa herufi za Kiarabu Roma mwaka 1593. Tafsiri yake ya sehemu za al-Qanun ilitoka Leuven mwaka 1658, miaka thelathini baada ya Harvey, na wanafunzi wake wakawa na vyote viwili: damu inayozunguka, na mwili ambao tabibu anauuliza kwanza umetoka katika uwiano wake kwa kiasi gani.